Karatasi za Fundi wa Sola Zinasema Nini?

Safu ya Maswali ya Wasomaji

Mwezi huu tumechagua barua tatu zinazouliza jambo moja kwa njia tofauti: mtu anayetaka kufunga umemejua nyumbani atazisomaje leseni, vyeti na nembo anazoonyeshwa na mafundi?

BARUA YA KWANZA

Mhariri, pokea salamu kutoka Mtwapa. Mimi ni mama wa watoto wanne na nauza samaki nyumbani. Stima inapokatika, friza zangu mbili hunitia hasara, kwa hiyo nimeamua kufunga sola ya paneli kumi za wati 550 kila moja, pamoja na inveta ya kugeuza umeme wa paneli uwe wa matumizi ya nyumbani, na betri ya lithiamu, huku stima ya kawaida ikibaki kama akiba. Mafundi wawili wamekuja kupima nyumba. Wa kwanza alifungua faili lenye karatasi saba: leseni ya EPRA iliyoandikwa T2, cheti cha mtihani wa ufundi wa NITA, cheti cha semina ya siku mbili ya kampuni inayotengeneza inveta, barua ya uanachama wa KEREA, cheti cha usajili wa biashara, cheti cha ushuru cha KRA, na nakala ya cheti cha ISO cha kiwanda cha paneli. Wa pili alikuwa na mbili tu, yaani leseni ya T3 yenye jina lake na leseni ya kampuni anayoifanyia kazi, na bei yake iko juu. Mwanangu anasema mwenye karatasi nyingi ndiye wa kuaminika. Je, ni kweli?
Mama Zuhura, Mtwapa

JIBU

Mama Zuhura, salamu zako zimefika. Mwanao amefanya vyema kutaka karatasi, lakini kuzihesabu hakutawasaidia. Zitandazeni mezani, kisha kila moja muiulize: inamtaja nani, imetolewa na nani, inamruhusu afanye nini, na mpaka lini? Mkimaliza mtaona kwamba katika faili lile la karatasi saba ni moja tu inayohusu ruhusa ya kufunga sola, na hiyo moja haifiki kwenye kazi unayotaka ifanywe.

Nchini Kenya anayetoa ruhusa hiyo ni Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, yaani EPRA. Kanuni za mifumo ya sola za mwaka 2012 ziliwagawa mafundi katika madaraja matatu. Mwenye T1 anaruhusiwa kufunga mfumo mdogo wa betri moja usiozidi wati 100. Mwenye T2 anaruhusiwa kufunga mfumo wa kati, unaoweza kuwa na paneli na betri zaidi ya moja, lakini kikomo chake ni wati 300. Mwenye T3 ndiye wa mifumo mikubwa, ikiwemo ile inayounganishwa na stima ya gridi na ile ya mseto inayochanganya sola, betri na gridi.

Sasa fanya hesabu. Paneli kumi za wati 550 ni wati 5,500, yaani zaidi ya mara 18 ya kikomo cha T2. Hata paneli moja tu kati ya hizo kumi inamzidi, kwa sababu wati 550 ni nyingi kuliko 300. Kanuni zile ziliandikwa wakati ambapo mfumo wa kawaida wa nyumbani ulikuwa wa taa chache, redio na kuchaji simu; paneli zimekua, daraja limebaki pale pale, na mafundi wengi wanaendelea kutembea na leseni ambayo haitoshi kwa paneli moja ya siku hizi. Sisemi kwamba fundi wako wa kwanza ni mlaghai. Inawezekana kabisa leseni yake ni halali na yeye ni hodari, na ndiyo maana kosa hili halionekani haraka: mteja akiona nembo ya EPRA hutulia, asisome herufi na namba iliyo chini yake.

Huenda ukajiuliza kama madaraja haya ni urasimu tu. Paneli ya ukubwa huo hutoa karibu volti 50, na fundi akiziunganisha zote kumi katika mstari mmoja, juu ya paa lako kutakuwa na volti zinazokaribia 500 za umeme wa DC, yaani mkondo mnyoofu. Stima ya nyumbani ni mkondo geu wa hezi 50. Hushuka hadi sufuri mara 100 kila sekunde, kwa hiyo cheche ikitokea kwenye swichi hupata nafasi ya kuzimika yenyewe. Mkondo mnyoofu haushuki. Kiungo kikilegea juu ya paa, cheche yake inaweza kuendelea kuwaka hadi iyeyushe plastiki na kushika mbao. Kwa sababu hiyo swichi za kinga za upande wa paneli lazima ziwe zimetengenezwa kwa DC, na viungo vya nyaya viwe vya aina moja pande zote mbili, si dume la kiwanda hiki na jike la kiwanda kile kwa kuwa tu vimeingiana. Aliyezoea kufunga taa tatu na redio huenda hajawahi kulazimika kuyafikiria hayo.

Tuje kwenye karatasi nyingine. Cheti cha NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kinathibitisha kwamba mtu amefanya mtihani wa ufundi na kufaulu katika ngazi fulani. Ni cheti cha ujuzi, nami ningependa kila fundi awe nacho, lakini hakichukui nafasi ya leseni. Cheti cha semina kinasema alihudhuria. Kitakufaa ikiwa inveta anayotaka kukufungia ni ya kampuni hiyo hiyo, na pengine waranti itakuwa rahisi kufuatilia. KEREA ni chama cha wadau wa kawi jadidifu, na mwanachama wake ameonyesha kwamba anataka kujulikana miongoni mwa wenzake, jambo la kheri, ila chama hakitoi ruhusa ya serikali. Usajili wa biashara na cheti cha KRA vinahusu jina na ushuru, basi.

Cheti cha ISO kinastahili maneno zaidi kwa sababu ndicho kinachopotosha watu wengi. ISO 9001, ambayo ndiyo huonyeshwa mara nyingi, inahusu jinsi kiwanda kinavyoendesha kazi zake: kumbukumbu, ukaguzi wa ndani, kushughulikia malalamiko. Haisemi paneli imepimwa, na haimhusu kabisa fundi aliyeleta nakala yake. Paneli zenyewe zina viwango vyake vya kimataifa: IEC 61215 kwa uimara wa muda mrefu na IEC 61730 kwa usalama, na inveta ina IEC 62109. Namba hizo zitafute kwenye kibandiko cha nyuma ya paneli au kwenye karatasi ya maelezo, kisha ulinganishe aina ya paneli iliyotajwa kwenye cheti na ile iliyoshushwa mlangoni kwako. Alama ya CE, ambayo wauzaji hupenda kuionyesha kwa kidole, ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba bidhaa inatimiza sheria za Ulaya. Kwa vifaa vingi vya umeme huwekwa bila maabara huru kushirikishwa.

Nawe uko Mtwapa, kwa hiyo ongeza swali moja ambalo mtu wa Nakuru hana haja ya kuliuliza: je, paneli hizi zimepimwa kwa hewa ya chumvi? Kipimo hicho kinaitwa IEC 61701. Hewa ile ile inayokula mabati ya jirani zako itakula fremu, misumari na viungo vya waya wa ethi (waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja), na fundi anayekuja na vyuma vya kushikia paneli bila kueleza vitazuiwaje kutu hajaifikiria nyumba yako hata kama ana T3.

Fundi wa pili, basi, ndiye mwenye karatasi zinazohusika. Kwake pia usiishie kutazama tu. EPRA huweka orodha ya wenye leseni kwenye tovuti yake. Tafuta jina lake na la kampuni, linganisha namba, daraja na tarehe ya kuisha, kisha mwombe kitambulisho uone kwamba jina ni moja. Leseni ya kampuni ni ya kundi tofauti na ya fundi binafsi, na kila moja ina kazi yake: leseni ya fundi inamhusu yeye na mikono yake, na ya kampuni inamhusu utakayemdai mambo yakiharibika. Ukiwa na ya kwanza bila ya pili, fundi akihama kampuni utabaki na namba ya simu isiyopatikana.

Halafu uliza nani hasa atapanda paa. Mwenyewe niliwahi kumlipa fundi mwenye leseni safi kabisa, tukakubaliana kila kitu, na siku ya kazi wakaja vijana wawili ambao hawakuwahi kusikia neno T3. Yeye alikuwa mji mwingine akisimamia kwa simu. Wasaidizi si kosa. Linalotakiwa ni kwamba mwenye leseni awepo wakati wa kuunganisha na wakati wa kupima, na jambo hilo liandikwe kwenye mkataba.

Mwisho kuna karatasi ambazo bado hazijaandikwa, nazo ni muhimu kuliko zote kwa miaka ijayo: mchoro wa jinsi nyaya zilivyounganishwa, matokeo ya vipimo vya siku ya kuwasha (volti za mstari wa paneli, ukinzani wa waya wa ethi na usalama wa gamba la nyaya), orodha ya namba za paneli, inveta na betri, na waranti zenye jina lako. Bakiza sehemu ya malipo hadi uzipokee. Bei ya juu ya fundi wa pili huenda inatokana na mambo haya, na huenda haitokani nayo. Mwombe aichanganue kifaa kwa kifaa, kisha umpe fundi wa kwanza nafasi ya kuja na mwenzake mwenye T3 atakayeweka jina na saini yake kwenye kazi. Ikiwa kweli anaijua kazi hataona haya kufanya hivyo.

BARUA YA PILI

Shikamoo Mshauri. Mjukuu wangu amemaliza masomo ya umeme VETA, chuo cha ufundi stadi, na majirani hapa Morogoro wameanza kumwita awafungie sola. Anasema cheti cha VETA kinatosha. Mimi nina wasiwasi.
Babu wa Kihonda

JIBU

Marahaba, babu, ingawa kwa umri huenda ni mimi niliyepaswa kukuamkia. Wasiwasi wako una msingi. Cheti cha VETA kinasema kijana amefundishwa na amefaulu. Ruhusa ya kufanya kazi ya kufunga mifumo ya umeme kwa watu, kwa Tanzania Bara, ni leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ambayo hutolewa kwa madaraja ya herufi, na kila herufi ina mipaka yake ya kazi. Cheti cha VETA ni mojawapo ya vielelezo atakavyoambatisha anapoomba leseni hiyo, kwa hiyo masomo yake hayakupotea. Asikurupuke kuomba daraja la juu. Aombe lile linalolingana na elimu na uzoefu wake, na hadi alipate afanye kazi chini ya fundi mwenye leseni, jina la huyo likiwa ndilo linaloandikwa kwenye kazi.

Siku atakapotaka kufungua kampuni ya ukandarasi atakutana pia na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ambayo ni mlango mwingine. Kujiunga na TAREA, jumuiya ya nishati jadidifu, kutampa marafiki wa kazi na habari za soko, lakini asiwaonyeshe majirani kadi ya uanachama kana kwamba ni leseni. Na kama ataitwa Unguja au Pemba, ajue kwamba mdhibiti wa huko ni ZURA, si EWURA.

BARUA YA TATU

Ndugu Mshauri, naishi Leicester, Uingereza, mwaka wa kumi na moja sasa, na nimenunua nyumba ndogo. Wiki iliyopita muuzaji alibisha hodi, akanipigia hesabu ya paneli tisa za wati 430 na inveta ya kilowati 3.68. Kipeperushi chake kina nembo nne: MCS, NICEIC, TrustMark na RECC. Anataka nisaini kabla ya Ijumaa na nilipe nusu ya gharama kama amana. Nembo hizi zina maana gani, na je, zinatosha?
B. M., Leicester

JIBU

Ndugu B. M., kwa upande wako mambo yamepangwa tofauti na Kenya. Uingereza haina leseni moja ya serikali ya kumruhusu fundi kufunga sola. Kuna mifumo kadhaa ya ithibati, ambayo mingi mtu hujiunga nayo kwa hiari, na nguvu yake inatoka kwenye mambo ambayo huwezi kuyapata bila hiyo. Kwa hiyo mwenye nyumba anaweza kufungiwa sola na mtu asiye na ithibati, paneli zikatoa umeme vizuri, kisha akagundua mlango fulani umefungwa.

Mlango wenyewe kwa kawaida ni MCS. Huu ni mpango unaotoa ithibati kwa kampuni zinazofunga mitambo midogo ya nishati jadidifu, na kazi ikimalizika kampuni husajili mtambo wako na kukupa cheti chenye namba. Kampuni ya umeme utakayoiuzia ziada yako, kwa mpango wa Smart Export Guarantee ulioanza tarehe 1 Januari 2020, itataka cheti hicho au kingine kinachokubalika kuwa sawa nacho. Ruzuku ya pampu za joto (mitambo ya umeme ya kupasha nyumba joto), ile ya pauni 7,500 kwa England na Wales, nayo inamtaka fundi awe wa MCS. Ila ithibati hutolewa kwa aina ya teknolojia: kampuni yenye MCS ya pampu za joto haina, kwa sababu hiyo tu, MCS ya sola. Ingia kwenye orodha yao mtandaoni, andika jina kamili la kampuni, usome imeruhusiwa kwa teknolojia ipi. Halafu soma jina lililo juu ya mkataba. Wauzaji wa mlangoni mara nyingi ni kampuni ya mauzo inayopeleka kazi kwa kampuni nyingine ya ufundi, na nembo iliyo kwenye kipeperushi inaweza kuwa ya hiyo nyingine. Jina la mkataba na jina la orodha yakitofautiana, omba maelezo kwa maandishi.

NICEIC inahusu kazi ya umeme kwa jumla. Kampuni iliyosajiliwa nayo, au na mshindani wake NAPIT, inaweza kuthibitisha yenyewe kwamba kazi yake imefuata kanuni za ujenzi, nawe ukaletewa cheti bila kumwita mkaguzi wa halmashauri. Haipimi ujuzi wa kupanga paneli juu ya paa, wala kama paa linaweza kuzibeba. TrustMark ni alama ya ubora inayotambuliwa na serikali kwa kazi za nyumbani.

RECC ndiyo ya kukushughulisha zaidi leo, kwa sababu haihusu nyaya bali namna mteja anavyotendewa. Kwa miaka mingi mafundi wa MCS walitakiwa pia kuwa chini ya kanuni ya kumlinda mteja, kama RECC au HIES. Kanuni ya RECC imeweka kikomo cha amana kuwa asilimia 25 ya bei, na inakataza kumshinikiza mteja asaini kwa haraka. Muuzaji wako anataka asilimia 50 na saini kabla ya Ijumaa. Huhitaji kuwa mtaalamu wa sola kuona kwamba anavunja kanuni ambayo nembo yake ameichapisha mwenyewe kwenye karatasi aliyokuachia. Ama kampuni si mwanachama, au ni mwanachama asiyejali, na kwako wewe yote mawili yanafika mahali pamoja.

Kuhusu inveta, kilowati 3.68 si namba ya bahati. Ni ampea 16 kwa fezi moja, kikomo cha utaratibu wa G98, ambao humruhusu fundi kufunga kwanza na kuiarifu kampuni ya mtandao wa umeme ya eneo lako ndani ya siku 28 baada ya kuwasha. Paneli zako tisa zina jumla ya wati 3,870, lakini kinachohesabiwa ni kile inveta inachoweza kutoa. Ukiongezewa inveta kubwa zaidi itabidi kuomba kibali kabla, kwa utaratibu wa G99. Muulize muuzaji nani atatuma taarifa hiyo, na uombe nakala yake pamoja na cheti cha MCS na cheti cha umeme.

Hata ukisaini, mkataba uliofanyiwa nyumbani kwako kwa kawaida unakupa siku 14 za kuuvunja bila kutoa sababu, na kampuni inapaswa kukueleza haki hiyo kwa maandishi. Hilo lisiwe sababu ya kusaini kwanza na kufikiri baadaye, maana kurudishiwa amana kutoka kampuni inayochelewesha kujibu simu ni kazi nyingine.

Mwandikie leo. Mwombe jina kamili la kampuni itakayosaini mkataba, namba yake ya MCS kwa sola na namba ya uanachama wa RECC, umwambie pia kwamba amana utakayolipa haitazidi robo ya bei. Wakati unasubiri, tafuta makadirio ya kampuni nyingine mbili kutoka orodha ya MCS ya eneo lako. Akikujibu kwamba ofa inaisha Ijumaa kabla hajakutumia namba hizo, iache iishe.